John Hanning Speke: Mtu Aliyekaa Ziwani Siku Tatu

Wasomaji wetu wa Msalala, Nindo na Salawe huenda hawana habari kwamba majina ya nchi zao yalikwisha kuchapwa katika kitabu huko Uingereza mwaka 1864. Aliyeyaandika alikuwa askari na mwindaji, jina lake John Hanning Speke. Watoto wetu hufundishwa habari zake kwa mstari mmoja tu, kwamba ndiye aliyegundua Ziwa Victoria. Mstari huo una taabu yake, maana wavuvi wa Mwanza na Ukerewe walikuwa wakila samaki wa ziwa hilo tangu enzi za mababu. Lakini maisha ya mtu huyu yana mambo mengi kuliko mstari ule, na kwa kuwa alipita katika nchi hii kwa miguu, si mara moja bali mara mbili, tumeona vema tuyaeleze kwa kirefu kidogo.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon. Alipokuwa na umri wa miaka 17 aliingia katika jeshi la Kampuni ya India, akakaa huko miaka kumi. Kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya kuwinda, na huko ndiko alikojifunza kupima nchi na kuchora ramani. Kitabuni hakuwa mwepesi sana. Alijua Kihindustani, lakini Kiarabu hakukijua, wala Kiswahili. Tunaomba msomaji ayakumbuke hayo, maana yatakuja kuwa na uzito.

Mwaka 1854 alikutana huko Aden na Richard Burton, afisa mwenzake, mtu mwenye lugha nyingi na elimu nyingi na majivuno yasiyopungua elimu yake. Wakasafiri pamoja pwani ya Wasomali. Mwaka 1855 walishambuliwa usiku huko Berbera. Burton alichomwa mkuki uliopita shavu hadi shavu, na Speke alitekwa, akajeruhiwa mara kumi na moja, akajinasua na kukimbia. Katika shambulio hilo Burton alisema jambo ambalo Speke alilichukua kama kumwita mwoga. Urafiki wao haukupona tena, ingawa walisafiri pamoja miaka mingine minne.

Katikati ya mwaka 1857 waliondoka pwani kwenda bara, wametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta maziwa ambayo habari zake zilikuwa zimefika Ulaya. Swali kubwa la siku zile lilikuwa chanzo cha Mto Nile. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na baada ya kuwa huru akarudi Zanzibar. Bombay alijua Kihindustani na Kiswahili. Basi karibu kila neno ambalo Speke alisikia kutoka kwa watu wa nchi hii lilipita kwanza kinywani mwa Bombay. Mtu alisema Kinyamwezi au Kisukuma, mwingine akaligeuza kuwa Kiswahili, Bombay akaligeuza kuwa Kihindustani, na Speke akaliandika kwa Kiingereza. Sisi tunaosimama karibu na mkalimani katika mikutano yetu tunajua ni mangapi hupotea hata katika hatua moja tu.

Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji. Burton aliliona Ziwa Tanganyika likimetameta chini ya mlima. Speke, aliyekuwa amesimama karibu naye, aliona ukungu mtupu, kwa sababu ugonjwa wa macho ulikuwa umempofusha kwa muda. Baadaye mdudu aliingia sikioni mwake wakiwa ziwani, naye akajaribu kumtoa kwa kisu, akawa kiziwi wa sikio hilo kwa miezi mingi. Kipimajoto chao kilikuwa kibovu pia. Walipochemsha maji ili kupima urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, walipata kwamba Tanganyika liko futi 1,844 tu, na hali leo tunajua ni kama futi 2,540. Wakafika Uvira kaskazini ya ziwa, nao wakaambiwa na wana wa mtemi wa huko kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na wala hautoki. Habari hiyo ilimvunja moyo Burton, kwa maana alitumaini kwamba Rusizi ndio Nile. Lakini hawakuufikia wenyewe kwa macho.

Waliporudi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Mwarabu wa Omani jina lake Snay bin Amir aliwaambia kwamba liko ziwa jingine upande wa kaskazini, kubwa kuliko Tanganyika. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, tena alitaka kuandika habari za nchi na lugha. Akamwacha Speke aende.

Speke akatoka Kazeh tarehe 9 Julai 1858, na Bombay pamoja naye. Ulikuwa wakati wa kiangazi kama tunavyoujua sisi, njia kavu, mavumbi, mashamba yamekwisha kuvunwa. Akapita Msalala, akavuka pori la Nindo, akapita Salawe, akaingia Usukuma. Mtu anayeijua nchi hii leo atatabasamu. Pale Msalala ndipo ulipo mgodi wa Bulyanhulu, na upande wa magharibi iko Geita, ambako Wajerumani walikuta dhahabu mwaka 1898. Speke alikuwa hodari wa kuangalia mawe, ng'ombe, pamba na wanyama wa kuwinda, naye aliyaandika kila jioni. Dhahabu hakuandika. Macho yake yalikuwa yanatafuta maji, na mtu hupita juu ya mambo mengi akiwa na safari ya namna hiyo. Hata sisi wenyewe tuliishi juu ya dhahabu hiyo vizazi vingi.

Tarehe 3 Agosti alipanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa. Hapa inatupasa tukae kidogo, kwa sababu maisha yake yote yaliyobaki yalitoka katika kilima kile. Aliona nini hasa? Yeyote aliyepanda mawe ya Mwanza anajua. Mbele yako kuna ghuba, vilima vya mawe na visiwa vingi, na Ukerewe inaziba sehemu kubwa ya upeo wa kaskazini. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kutoka pale juu mtu huona kipembe chake tu.

Aliuliza watu. Mtemi wa Mwanza, Mahaya, alimpokea vizuri, na mtu mmoja aliyesifiwa kwamba amesafiri sana aliulizwa ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini. Mtu yule alielekea kaskazini, akatupa mkono mbele mara nyingi kuonyesha mbali kusikohesabika, akasema hakuna amjuaye mtu aliyefika mwisho wake, na yamkini linakwenda hadi mwisho wa dunia. Speke aliona jibu hilo ni ushahidi wa ukubwa wa ziwa. Sisi tunaliona pia kuwa jibu la mtu aliyejua sawasawa mahali ambapo ujuzi wake ulikomea.

Speke hakuwa na mashua wala fedha za kuvuka, na siku zake zilikuwa zimehesabiwa. Alikaa siku tatu. Akalipa ziwa jina la malkia wake, akiliweka mbele ya neno Nyanza alilolikuta, na ndiyo sababu hata Dayosisi ya Victoria Nyanza inachukua jina hilo. Akashuka kilimani akiwa na hakika moyoni kwamba ndicho chanzo cha Nile. Kipimajoto kilikuwa kimemwonyesha kwamba nchi hii ya kaskazini iko juu sana kuliko Tanganyika, na habari za wafanya biashara zilielekea huko. Hizo zilikuwa sababu njema za kudhani. Lakini yeye hakusema anadhani.

Alirudi Kazeh tarehe 25 Agosti na kumweleza Burton. Burton hakukubali. Huyu alikuwa hajaliona ziwa kabisa, yule alikuwa ameona kipande, na kila mmoja alizungumza kana kwamba amelizunguka lote. Baada ya siku chache wakaacha kulitaja neno hilo kati yao, wakatembea miezi mpaka pwani wakiwa wamelinyamazia. Mwaka 1859 Speke alitangulia kufika London, akaeleza habari zake kwa wakubwa wa Chama, na Burton alipofika siku kumi na tatu baadaye alikuta safari mpya imekwisha kuandaliwa bila yeye.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyompitisha Speke nchi ya Geita. Aliondoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na James Augustus Grant. Tabora walikuta vita kati ya Waarabu na mtemi Manua Sera, na wapagazi hawakupatikana. Walipoingia Uzinza mwaka 1861 mambo yakawa mabaya zaidi. Speke aliugua kifua karibu kufa, akalala miezi katika mji wa Lumeresi, huku watemi wakidai hongo moja baada ya nyingine, nguo, shanga na waya. Katika kitabu chake amewaandika kama wanyang'anyi. Hatusemi kwamba hakudhulumiwa, maana wengine walimdhulumu kweli. Lakini tungependa kujua Lumeresi naye angeandika nini. Mgeni mwenye bunduki anataka kupita katika nchi yako, jirani zako wanapigana na watu wa pwani, naye anasema anakwenda kutazama maji. Nani angesadiki? Na hongo ilikuwa ushuru wa njia, kama vile ushuru unavyotozwa mipakani hata leo. Speke hakulifikiria jambo hilo hata mara moja katika kurasa nyingi za manung'uniko.

Hatimaye alifika Karagwe kwa Mukama Rumanika, aliyempokea kwa ukarimu, na mwezi wa Februari 1862 akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Tarehe 28 Julai 1862 alisimama mahali maji ya ziwa yanapomwagika kuelekea kaskazini. Akapaita Ripon. Maporomoko hayo hayaonekani tena tangu bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Grant hakuwapo, kwa kuwa Speke alimpeleka njia nyingine. Tena Speke hakuufuata mto wote. Mahali ulipopinda kwenda magharibi yeye alikata njia moja kwa moja, akaukuta tena mbele, akaamini ni ule ule. Mwezi wa Februari 1863 akatokea Gondokoro, na baadaye akatuma habari Ulaya kwamba jambo la Nile limekwisha.

Kuna sehemu moja ya kitabu chake cha mwaka 1863 ambayo hatuwezi kuipita, ingawa ni chungu. Alipoona falme za Karagwe, Buganda na Bunyoro zilivyo na utaratibu, hakuweza kuamini kwamba watu weusi wa nchi hii walizijenga wenyewe. Akatunga nadharia kwamba watawala, na wafugaji aliowaita Wahuma, walikuwa taifa jingine lililotoka Ethiopia, bora kuliko wakulima. Akaifunga nadharia hiyo na habari za wana wa Nuhu, akiwahesabu Waafrika kuwa chini ya laana ya Hamu. Msomaji akifungua Mwanzo sura ya 9 ataona kwamba aliyetajwa katika laana ni Kanaani, wala Afrika haitajwi kabisa. Ushahidi wa Speke ulikuwa sura za watu alizoziona na mawazo aliyotoka nayo kwao. Rwanda hakukanyaga hata siku moja.

Nadharia hiyo haikuwa yake peke yake, na wengine wengi waliikuza. Lakini yeye ni miongoni mwa waliotangulia kuileta katika nchi za Maziwa Makuu. Wakoloni waliipenda. Walimu na wamisionari waliifundisha. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu wa Rwanda katika kitambulisho chake. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alihutubia mkutano akisema kwamba Watutsi wangerudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 wakauawa watu wanaokadiriwa kuwa laki nane, na mito ikachukua maiti. Nyabarongo unaingia Kagera, na Kagera unaingia katika ziwa lile lile. Watu wa pwani ya Uganda walizika maelfu ya maiti zilizotupwa ufukweni, na wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Hayo hayakuwa katika fikira za Speke. Yeye aliandika tu, kwa uhakika ule ule alioshuka nao kilimani Mwanza, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza umejuaje.

Tukirudi kwa ziwa, Burton hakunyamaza. Alisema kwamba Speke ameona ncha ya kusini na ncha ya kaskazini, na kati ya hizo huenda kuna maziwa mawili, matatu au zaidi. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini Burton naye, ili kuliinua ziwa lake la Tanganyika, aligeuka akasema huenda Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, kinyume cha aliyoambiwa Uvira na watu wanaokunywa maji yake. David Livingstone, ambaye makanisa yetu yanamheshimu, hakumsadiki Speke pia. Yeye alitafuta chanzo cha Nile upande wa kusini kabisa mpaka akafa mwaka 1873.

Ikapangwa Speke na Burton wakutane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke alikwenda kuwinda kwale katika shamba la jamaa yake. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililia, risasi zikampiga kifuani, akafa baada ya dakika chache. Umri wake ulikuwa miaka 37. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ni ajali. Wako waliosema alijiua kwa kuogopa mjadala. Aliyekuwa karibu naye siku ile alisikia mlio akageuka, naye hakuona zaidi ya hapo, na sisi tulio mbali kwa miaka zaidi ya 160 hatuoni kwa nini tuongeze neno.

Jambo la ziwa likakaa miaka kumi na moja bila jibu. Mwezi wa Machi 1875 Henry Morton Stanley alitia mashua yake majini huko Kagehi, mashariki ya Mwanza, akalizunguka ziwa lote kwa siku 57. Ikaonekana ni ziwa moja, na maji yake yana mlango mmoja tu, pale pale Ripon. Basi Speke alikuwa amesema kweli. Katika safari hiyo hiyo Stanley aliandika barua kutoka kwa Mutesa akiomba walimu wa dini, na barua hiyo ndiyo iliyowaleta wamisionari wa kwanza wa Kianglikana katika nchi za ziwa hili. Kuhusu Rusizi, Stanley na Livingstone walikuwa wamekwisha kuufikia mwaka 1871, wakaukuta unaingia ziwani, kama wana wa mtemi walivyosema.

Tukiangalia kazi ya Speke kwa jumla, tunaona kwamba mengi aliyopata sawasawa aliyapokea kwa watu, kisha akaenda kuyaangalia: ziwa la Snay bin Amir, mlango wa maji alioonyeshwa na watu wa Mutesa. Palipokuwa na pengo katika ujuzi wake alilijaza kutoka kichwani mwake. Ndivyo alivyochora Milima ya Mwezi, yenye umbo la nusu duara, kaskazini ya Tanganyika ambako hakufika, na ndivyo alivyoandika juu ya Wahuma. Katika ramani na katika kitabu, mambo ya namna zote mbili yamechorwa kwa wino ule ule.

Amezikwa katika kanisa la Dowlish Wake, jimbo la Somerset, na London amewekewa nguzo ya jiwe katika bustani ya Kensington. Bombay alimfuata Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akavuka Afrika na Cameron mpaka bahari ya magharibi. Chama cha Jiografia kilimpa nishani ya fedha na posho ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885. Alikuwa ameiona Tanganyika wakati Speke haoni, alikuwa Mwanza, alikuwa Uzinza, alikuwa Buganda, na kitabu hakuacha.